Uzi wa Mkono wa Kulia

Mishamo,
30 Julai 2025

Leonidas, musaza wanje, mdogo wangu mtoto wa mama,

Nakusalimu. Sisi wazima, ila moyo wangu haujatulia. Usishangae kuona barua. Simu nimemwachia mwanangu Mariana, anaongea na mchumba wake mpaka chaji inakata, na haya ninayotaka kukuuliza si ya kusemea kwenye spika huku majirani wanapukuchua mahindi wametega masikio. Masunga atakuletea kwenye Noah yake.

Jirani yetu Apollinarie alikuja Mpanda Jumatatu kuuza maharage. Anasema alikukuta hapo dukani kwa Wahindi unakoendesha lori, akakualika mkale nyama choma, ukakataa. Wewe! Wewe uliyekuwa unalamba chungu mpaka mama anauliza kama tumefuga paka. Anasema hunyoi siku hizi, ndevu zimeanza kukufunika kidevu. Halafu akatoka mwanamke wa Kihindi akakuita ndani kula, nawe ukaitika, "Naam, dada."

Dada. Apollinarie alilirudia hilo neno mara mbili huku ananiangalia usoni, unamjua anavyopenda uchokozi. Nikajibu kwamba ni heshima tu ya kazini. Lakini tangu hapo nikisonga ugali unatoka na madonge.

Sasa sikiliza. Jumamosi tarehe 23 Agosti wageni wa Mariana wanatoka Katumba kuleta posa. Baba yake hayupo tena duniani. Arcade, baba yake mdogo, atasema ya upande wao, na unajua akianza kusema hanyamazi. Lakini kiti cha mjomba ni chako. Bila mjomba hiyo si posa, ni watu wamekutana kunywa pombe. Niandikie kwamba utakuja. Na uniandikie huyo dada ni nani.

Dada yako wa tumbo moja,
Odeta


Kawajense, Mpanda,
2 Agosti 2025

Dada Odeta, shikamoo.

Barua nimeipata, nimecheka peke yangu kwenye lori mpaka trafiki akaniangalia. Apollinarie akipewa redio mkoa mzima hatulali. Tarehe 23 nakuja, hata lori likifa nakuja kwa bodaboda.

Huyo ni dada Kokila. Duka lilikuwa la kaka yake, Jitu, yule bosi wangu aliyefariki mwaka jana, nilikusimulia. Sasa analiendesha yeye. Hana mume, hana mtoto. Huu ni mwezi wao mtukufu, unaitwa Shravan, wanaufuata kwa mwandamo, kama Waislamu na Ramadhani. Mwezi mzima hakuna nyama, hakuna kitunguu, hakuna kitunguu saumu. Kila Jumatatu anafunga, anamwagia maziwa na maji jiwe la mungu wao Shiva, anakula mara moja tu. Na wanaume hawanyoi mpaka mwezi uishe.

Mimi mchana nakula kwake, Dada. Sasa nikae naye meza moja natafuna mfupa? Nikaona aibu, nikasema niende naye tu. Kanisani naenda kama kawaida, usianze.

Na "dada" ni dada tu. Hata fundi cherehani wa hapo barazani namwita dada. Usimaindi.

Mdogo wako,
Leonidas


Mishamo,
5 Agosti 2025

Leonidas,

Kwaresima ulifunga lini? Nakuuliza. Mwaka huu huu, Ijumaa Kuu, nilikupigia simu nikasikia unatafuna, ukaniambia ni karanga. Karanga zina mfupa?

Lakini nyama si neno. Neno ni ndevu. Kwetu mwanaume akiacha ndevu zikafunika kidevu, watu wanauliza kafa nani. Mama alipokufa, wewe siku ya tatu ulikuwa umeshanyoa, kidevu kinang'aa. Niliwaona wazee wanakutazama. Nikasema mdogo wangu ni mtu wa kazi, ana haraka. Na leo kwa mwezi wa watu wengine umeota kichaka! Mama yetu alikuzaa, huyo Kokila kakuzalia nini?

Umeandika "hana mume, hana mtoto." Na mimi mume ninaye? Hilo hujaliona. Sina wivu, usije ukafikiri nina wivu. Nauliza tu, maana lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja.

Odeta


Kawajense,
10 Agosti 2025

Dada yangu Odeta, shikamoo.

Nimekaa na kalamu tangu nitoke misa. Nilitaka nikufiche, nikaona utasikia kwa Apollinarie, na Apollinarie ataongeza chumvi. Bora usikie kwangu.

Jana ilikuwa mwezi mpevu wa Shravan. Siku hiyo kwao dada anamfunga kaka yake uzi mkono wa kulia. Anamtia nukta nyekundu kwenye paji la uso, anambandika punje za mchele, anamlisha kitu kitamu, anamwombea maisha marefu. Na kaka anaahidi kumlinda. Kokila alimfunga Jitu kila mwaka tangu wakiwa watoto. Mwaka jana aliufunga kwenye fremu ya picha yake. Nilimwona, Dada. Nilikuwa nimeingia kuchukua ufunguo wa lori, nikamwona anahangaika kupitisha uzi kwenye msumari wa ukutani.

Mwaka huu aliniuliza kama nitakubali. Nikanyoosha mkono.

Nimevaa. Ni mwekundu, una nyuzi za dhahabu. Kwao hauvuliwi kwa kuukata, unaachwa mpaka uchakae wenyewe. Sijabadili dini, sijabadili ukoo. Posa ya Mariana nakuja, kiti changu nitakikalia. Nilitaka tu ujue kwangu kabla sijafika.

Mdogo wako yule yule,
Leonidas


Mishamo,
12 Agosti 2025

Leonidas,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa chini, kisha nikampa Mariana asome kwa sauti nihakikishe macho yangu hayaniongopei.

Kumbe kaka anapatikana dukani! Unaingia kununua misumari, unatoka na ndugu! Mimi nilikupata kwa shida. Mama akienda kulima, nilikubeba mgongoni, nikatunga majani ya tumbaku kwenye uzi na wewe mgongoni, unakojoa unanilowesha mpaka kisigino, jani halidondoki. Shule niliiachia darasa la nne ili wewe uende. Kusoma nilijifunza kwenye madaftari yako ulipokuwa umelala. Sijawahi kukufunga uzi, ni kweli. Nilifikiri nimekufunga kwa kitambaa cha mgongoni, inatosha.

Umeahidi kumlinda. Mimi umeniahidi nini? Niambie siku uliyonyoosha mkono kwangu ukasema, Odeta, nitakulinda.

Nakuja mwenyewe kumwona huyo ndugu yako mpya. Ijumaa, sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, nikitoka misa ya hapo mjini.

Odeta


Mishamo,
16 Agosti 2025

Leonidas,

Nimefika nyumbani salama, kama unajali.

Naandika kwa sababu jana sikupata nafasi ya kusema yote, ila mkono wangu ulisema. Nataka ujue sikuja kwa shari. Nilivaa kitenge cha Pasaka. Nilibeba kikapu cha mahindi mabichi ya bondeni, mgeni haendi mikono mitupu. Mwanamke wako akanipokea vizuri, sitasema uongo, "karibu dada, karibu," akanikalisha kwenye kochi. Nikasema moyoni, labda nilimwonea.

Halafu akaleta chakula. Wali wa jana! Mkate wa jana, umekuwa mgumu kama soli! Mtindi, na viazi vya baridi vimegandana! Nikageuka nikatazama jikoni, mlango ulikuwa wazi. Jiko la gesi la mafiga manne, limesuguliwa linang'aa, limewekewa maua juu yake, wala hakuna moto. Nikaomba walau chai, koo limejaa vumbi la Mishamo. Akasema, "Samahani dada, leo hatuwashi moto."

Leo! Siku niliyokuja mimi! Leonidas, huku kwetu hata asiye na kitu, mgeni akiingia atakwenda kuomba kijinga cha moto kwa jirani. Kumpa mgeni kiporo ni kumwambia hukutegemewa, na hutakiwi kurudi. Wewe ukaingia umetoka kwenye lori, ukakaa chini, ukakila kiporo hicho huku unacheka, na huo uzi unametameta mkononi. Hukuona kwamba dada yako anafukuzwa.

Ndiyo maana nilichukua mkasi pale kaunta nikaukata. Sijutii. Tarehe 23 ukija na uzi mwingine, kiti chako kitakaliwa na Arcade.

Odeta


Kawajense,
18 Agosti 2025

Odeta,

Barua yako ya kusema unakuja imefika Jumamosi, wewe umeshakuja na umeshakata. Masunga alikuwa amekwama njiani na gari bovu. Ningeipata mapema ningekuambia.

Ijumaa ile ni siku yao ya kupumzisha moto. Wanapika Alhamisi kutwa, wanasafisha jiko, wanalipamba, na siku ya pili hakuna anayewasha hata kiberiti. Wanakula vya baridi wote, tajiri na maskini. Ni kwa ajili ya mama yao mtakatifu anayezuia watoto wasipatwe na surua na ndui. Ulipewa alichokula yeye. Ule mkate wa mwisho ulikuwa wa kwake, akakupa wewe.

Hilo ni moja. La pili ni ndevu za msiba wa Mama. Umenisema kwa ndevu za Mama, nimemeza. Sasa nasema. Nilinyoa siku ya tatu kwa sababu WEWE ulinipa wembe. Umesahau? Ulisimama nyuma ya nyumba ukaniambia, "Nyoa urudi kazini, ukifukuzwa nani atatulisha?" Nikanyoa. Nikalia kuanzia Mishamo mpaka Mpanda, nimeshika usukani. Safari hii hakuna aliyeniambia ninyoe. Dada Kokila alisema mwezi huu wanaume hawanyoi, nami nikaona, basi, na Mama nimwekee zake. Ndivyo zilivyoota.

Kiti mpe Arcade. Mimi sitaweza kukaa mbele ya watu nikaitwa mjomba na mtu aliyenikata mbele ya watu.

Leonidas


Mpanda mjini,
19 Agosti 2025

Kwa Dada Odeta,

Namaste. Mimi ni Kokila. Leonidas hajui kama nakuandikia. Masunga anapita hapa dukani kununua bolti, nimempa soda aniwekee barua hii mfukoni.

Nimezaliwa hapa Mpanda, nimekulia hapa, na bado siku ile nilishindwa kukueleza kitu kidogo. Ulipoomba chai nilishika kiberiti, dada. Nilikuwa na kiberiti mkononi. Nikafikiri, mgeni ni mungu, kwetu tunafundishwa hivyo, nimwashie. Halafu nikaogopa. Kaka yangu Jitu akiwa mdogo alipata surua karibu afe. Mama yetu akaweka nadhiri kwamba siku hiyo ya Shravan nyumba yetu haitawasha moto, na akapona. Tangu hapo hatujawasha. Jitu alipokufa nilisema, sasa niache, namlinda nani? Mwaka huu nina wa kumlinda tena. Anaendesha lori la tani kumi kwenye mteremko, unajua zile barabara. Nikaogopa kuwasha. Moto ule nilikunyima wewe kwa ajili ya mdogo wako. Ningejua kusema siku ile ningesema.

Sasa nikuambie kingine, ukitaka ucheke. Wewe unanionea wivu mimi? Mimi ndiye ninayekuonea wewe. Kila siku mezani ni Odeta, Odeta. Nikipika dengu, "dada Odeta anaweka mawese." Nikimshonea shati, "dada Odeta anashona mara mbili." Nilikuchoka kabla sijakuona! Na siku ulipokata uzi ukatoka mlangoni na kikapu chako, hukugeuka nyuma, kwa hiyo hukuona. Aliokota vipande, akavitia mfukoni, akakimbia kukufuata mpaka stendi. Alikimbia na viatu vya ndani. Gari lilikuwa limeshaondoka. Mimi nilibaki mezani na sahani tatu, hakuniuliza hata kama nimeumia. Alikukimbilia wewe.

Uzi wetu si kamba ya mbuzi, haumhamishi mtu zizi. Mwanaume mwenye dada watano anavaa nyuzi tano. Nimefunga tena ule ule, nimeunga fundo pale ulipokata. Kama una wako, funga. Mkono wake mrefu, nafasi ipo.

Mahindi yako nilichemsha kesho yake. Yalikuwa matamu sana.

Kokila


Mishamo,
21 Agosti 2025

Kwa Kokila,

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma peke yangu, sikumpa Mariana.

Sijui kuomba radhi kwa karatasi, kwa hiyo nakupa taarifa. Jumamosi njoo. Usimtume, mlete wewe mwenyewe, umkalishe kwenye lori na usimruhusu ashuke mpaka mlangoni kwangu. Mwambie kiti chake nimekifuta vumbi, na Arcade nimeshamwambia akae kwenye benchi na wenzake. Amenuna, atazoea tu.

Mwambie aje na ndevu zote. Asithubutu kunyoa huko. Wembe niliompa mimi, nitauchukua mimi, nimnyoe nyuma ya nyumba pale pale, na maji ya kuoga nimwekee, tummalizie Mama msiba wake kabla wageni hawajaingia. Kwamba nilimwambia anyoe, nilikuwa nimesahau kabisa. Hilo nitamwambia mwenyewe.

Mbuzi atachinjwa, sikufichi, wageni wa Katumba hawataondoka na njaa. Wewe nimekununulia sufuria mpya. Haijaonja nyama, haijaonja kitunguu, na Mariana nimemkataza hata kuisogelea. Mwezi wenu uwe umeisha au haujaisha, kwangu utakula cha moto, nikikuona umeacha punje moja nitajua la kufanya.

Na hilo la kwamba nilikuchosha kabla hujaniona limenifurahisha. Uliandike tena siku nyingine.

Odeta


Kawajense,
27 Agosti 2025

Dada Odeta, shikamoo.

Tumefika salama. Mariana kanipigia mara tatu kushukuru, na mkwe wetu mara moja. Kidevu kinaniwasha, wembe wako ulikuwa butu, lakini usiku ule nililala kama mtoto. Sikuwa nimelala hivyo tangu Mama aondoke.

Dada Kokila anasalimia. Anasema maharage ya sufuria mpya yalizidi chumvi, na aliyamaliza kwa sababu ulikuwa umesimama nyuma yake. Anauliza pia mawese unanunua kwa nani, ila nisikwambie kwamba kauliza.

Sasa nina ombi. Ule uzi wako ulionifunga mkono wa kushoto mbele ya wageni wote, ule wa kutungia tumbaku. Ulisema kulia ni kwa Kokila na wewe unachukua kushoto, upande wa moyo, na asithubutu mtu kukuambia umekosea. Hakuna aliyethubutu. Lakini Dada, umeuzungusha mara nne na fundo umelikaza kwa meno. Mkono umevimba. Wa kulia unacheza vizuri, huu wa kushoto hata gia nabadilisha kwa shida, na lori zima linanuka tumbaku. Wateja wananiuliza kama nimeanza kuvuta.

Dada Kokila amejitolea kuulegeza kidogo, kwa sindano, bila kuukata. Nimemwambia asubiri ruhusa yako. Naomba niruhusu.

Mdogo wako,
Leonidas


Mishamo,
30 Agosti 2025

Leonidas, musaza wanje,

Pole kwa mkono. Paka mafuta ya mawese, uvimbe utashuka. Nanunua kwa mama Gabrieli pale gulioni, mwambie huyo anayeuliza, na mwambie aseme ametumwa na mimi, atapimiwa vizuri.

Kuhusu kulegeza: asiguse.

Ukibana sana, panda gari uje. Nitakulegezea mimi.

Odeta